Iliyokuangusha Iandike Jina

Waliokosa kikao cha Jumamosi pale ukumbini Mafinga wameniomba niwaandikie nilichosema. Nimekiandika kama nilivyokitamka, pamoja na salamu zake.

Kamwene! Na ninyi mliopanda gari alfajiri kutoka Rungwe, ndaga fijo. Shikamooni wazee wangu. Warina asali, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye maduka ya dawa muhimu wa hapa na wa Makambako, mama zangu mliokuja na watoto mgongoni, asanteni kwa kuacha palizi mkaja kunisikiliza.

Nianze na swali. Nani hapa amewahi kuambiwa ana aleji ya dawa? Inueni mikono. Naona ni mingi. Sasa aendelee kuinua yule anayejua jina la dawa yenyewe. Jina lake, si rangi ya kidonge.

Imebaki minne. Ndugu zangu, nimekuja kwa ajili ya hiyo mikono iliyoshuka.

Miaka michache iliyopita alinijia baba mmoja mrina asali, umri wake hamsini na kitu. Ameniruhusu nisimulie habari zake bila kumtaja jina. Huyu nyuki walimuuma tangu akiwa mtoto anafuatana na baba yake porini. Akiumwa anavimba kidogo, anakwangua mwiba kwa ukucha, anaendelea na kazi. Siku hiyo walimuuma nyuki wawili tu, mmoja shingoni na mmoja mkononi. Anasema alisikia joto linampanda kutoka tumboni, macho yakaingia giza, akaanguka chini ya mti kama gunia la mahindi.

Sikilizeni hapa vizuri. Hakuwa na upele. Midomo haikuvimba. Hakukohoa wala kukoroma. Alianguka tu. Wenzake mmoja akasema ni kifafa, mwingine presha, wa tatu akakumbuka ugomvi wa shamba la urithi, na mnajua maneno hayo yanaelekea wapi. Akazinduka njiani, wakampa chai, yakaishia hapo.

Mwaka uliofuata mgongo ukamtesa. Akaenda mahali ambapo sitapataja, akachomwa sindano ya diklofenaki. Dakika kumi hazijaisha, yuko sakafuni. Safari hii alichelewa kuzinduka. Na mnajua waliandika nini kwenye daftari lake? "Presha ilishuka, amepewa dripu." Basi. Jina la sindano halikuandikwa. Habari ya nyuki hakuulizwa.

Nyuki na sindano ya mgongo. Mmoja mdudu, mwingine ametoka kiwandani. Kwa nini mwili mmoja uvijibu kwa namna ileile?

Jibu alikuwa nalo mwenyewe, kwenye ngozi. Mapajani na kiunoni alikuwa na madoa madogo, meusi kidogo kuliko ngozi yake, mengi. Alidhani ni makovu ya viroboto vya utotoni, na wote waliowahi kumpima walidhani hivyohivyo. Nilichukua kifuniko cha kalamu nikasugua doa moja, taratibu, mara chache. Tukakaa. Baada ya dakika chache lile doa likainuka kama limeumwa na mbu, akaanza kujikuna. Madoa mengine yalibaki yametulia. Hiyo inaitwa alama ya Darier, kwa jina la daktari wa ngozi wa Ufaransa. Vitabu vingi vinasema doa "litakuwa jekundu". Kwenye ngozi zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tafuteni kuinuka, papaseni kwa kidole. Naomba wahudumu wote waliomo humu mlishike hilo, maana wagonjwa wetu wanapitwa kwa sababu tunatafuta rangi iliyoandikwa kwa ajili ya ngozi za watu wengine.

Alipelekwa kwa daktari wa ngozi, akakatwa kipande kidogo cha ngozi, akapimwa damu. Ugonjwa ukapata jina: mastositosisi. Na ule mgongo? Eksirei ilionyesha pingili mbili zimebonyea, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kula mifupa kimyakimya, hata kwa mwanamume ambaye bado ana nguvu za kubeba mzinga.

Sasa niwaeleze seli zinazoleta ugonjwa huu. Zinaitwa seli za masti. Usifikirie mlingoti wa jahazi. Mwaka 1878 kijana wa Kijerumani wa miaka 24, Paul Ehrlich, alikuwa akipaka rangi vipande vya nyama ya mwili ili avitazame kwenye hadubini, akaona seli zilizojaa punje punje hadi pomoni. Akadhani zimekula zikashiba, akazipa neno la Kijerumani linalohusu kunonesha mnyama. Ninyi mnaofuga nguruwe mnamwelewa. Baadaye ilijulikana kwamba zile punje hazikuwa chakula hata kidogo. Ni silaha.

Warina asali, nisaidieni kufundisha. Seli moja ya masti ni kama mzinga. Mwenyezi Mungu ameitundika mizinga hiyo kwenye milango ya mwili: chini ya ngozi, kwenye utumbo, kwenye njia za hewa, kandokando ya mishipa ya damu. Ndani wametulia nyuki wanaoitwa histamini na triptesi, na wengine wengi. Minyoo ikiingia, mzinga unafunguka, nyuki wanatoka, adui anapigwa. Hatuwezi kuishi vizuri bila mizinga hiyo.

Shida inaanza mizinga yote inapofunguka kwa pamoja. Histamini ikimwagika mwili mzima, mishipa ya damu inalegea na kuvuja, presha inaporomoka, njia za hewa zinabana, tumbo linasokota, ngozi inawasha. Huo ndio mzio mkali unaoua, anafilaksisi. Unaweza kumpata mtu yeyote mwenye mizinga ya kawaida kabisa, endapo mwili wake umekwisha kukariri kitu fulani na kukichukia.

Kwa mwenye mastositosisi kuna jambo la ziada. Mizinga yake ni mingi kupita kiasi na nyuki wake ni wakali. Kwa watu wazima wengi chanzo ni hitilafu ndogo kwenye jeni moja, KIT, inayozipa seli hizi amri ya kuzaliana bila kukoma. Kwa kawaida hitilafu hiyo mtu hazaliwi nayo, humtokea baadaye. Haiambukizi. Mke hawezi kuipata kwa mume. Haikutumwa na mtu. Wapo pia watu ambao mizinga yao si mingi ila inafunguka ovyo, na wapo waliozaliwa na nakala za ziada za jeni ya triptesi, nao wanaweza kuugua vibaya zaidi wakiumwa na nyuki. Sitaingia huko leo.

Makadirio ya Ulaya yanasema mastositosisi inampata kama mtu 1 kati ya 10,000. Mtaniuliza, mama, umetukusanya watu wote hawa kwa ajili ya ugonjwa wa mtu mmoja? Nimewakusanya kwa sababu yule mmoja alianguka mara mbili mbele ya watu wazima wenye akili na hakuna aliyeunganisha. Mwanamume anayezimia ghafla baada ya nyuki au dawa, bila upele, bila kuvimba: huyo ndiye anayepaswa kuchunguzwa seli za masti kuliko hata yule aliyevimba uso mzima. Wengi wetu tunafikiri kinyume. Tunasema hana upele, basi si aleji.

Tuje kwenye dawa, na hapa ninyi wa maduka msinisinzie.

Mzinga una milango zaidi ya mmoja. Mlango wa kwanza ni wa kumbukumbu. Mwili umekutana na penisilini siku za nyuma, ukaichukia, ukatengeneza kingamwili ya kuisubiri. Siku ya kurudi ndiyo siku ya vita. Mlango wa pili hauhitaji kumbukumbu yoyote: dawa inagonga mzinga wenyewe moja kwa moja, hata kama ni mara ya kwanza maishani. Mwaka 2015 watafiti walikieleza kipokezi kinachofungua mlango huo. Dawa zinazoweza kufungua seli za masti bila kumbukumbu ni pamoja na mofini na kodeini za maumivu makali, vankomaisini ya kuua bakteria, baadhi ya dawa za kulegeza misuli wakati wa upasuaji kama atrakuriamu na mivakuriamu, na dawa ya rangi inayochomwa kabla ya picha ya CT. Kundi jingine ni la maumivu: asprini, diklofenaki, ibuprofeni. Hizi za mwisho mnaziuza kila siku.

Je, mwenye mastositosisi anyimwe dawa zote hizi? Hapana! Nimeona hofu ikiumiza watu kama dawa yenyewe. Wengi wao wanameza dawa za maumivu bila taabu. Ambaye amekwisha kuimeza mara nyingi na haikumfanya kitu, hana sababu ya kuikimbia leo. Ambaye hajawahi, aijaribu mbele ya daktari, penye adrenalini, sindano ya kumwokoa aliyeanguka kwa mzio. Panadol kwa kawaida wanaimudu. Mofini ikihitajika kweli, inatolewa kidogo kidogo kwa uangalizi, au wanapewa fentanili ambayo huwa tulivu zaidi. Maumivu yenyewe yakiachwa nayo yanachokoza mizinga. Vivyo hivyo woga, joto kali, maji ya baridi ghafla, msuguano wa ngozi, na pombe, ulanzi ukiwemo. Mnacheka, lakini yule baba aliniambia kwamba akinywa ulanzi akakaa karibu na moto, uso unamwaka na moyo unamwenda mbio. Alidhani ni umri.

Kwa hiyo ukienda kupasuliwa, mwambie mtu wa ganzi na usingizi kabla hujalala kitandani. Usifiche kwa kuogopa kurudishwa nyumbani. Akijua, anachagua dawa, anazichoma polepole, anakupasha joto, anakupa za kutuliza mizinga kabla. Asipojua, anachagua gizani.

Sasa nisimulie jambo ambalo nimelisimulia mara chache.

Nilikuwa nesi kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kituo sitakitaja. Alikuja mama mmoja na kidonda kibaya cha mguu, akaandikiwa sindano ya penisilini. Nikiwa naikoroga aliniambia, "Nesi, mwaka juzi kuna sindano ilinitia kizunguzungu nikaanguka." Nikamuuliza, sindano gani? Akasema haijui jina, ila ilikuwa ya unga mweupe unaotiwa maji. Daftari lake la wakati ule lilikuwa limeliwa na panya. Sindano za unga mweupe ni nyingi, foleni ilikuwa imefika nje mlangoni. Nikamchoma.

Hakufika hata kwenye benchi. Alianza kujikuna viganja. Akanishika mkono, akasema, "Nesi, nakufa." Nikamwambia tulia mama, hufi. Ndugu zangu, mgonjwa akiwaambia maneno hayo baada ya dawa, muaminini. Hisia hiyo ni dalili, imeandikwa vitabuni pamoja na upele na kuhema. Tulikimbilia Piriton. Tukakimbilia haidrokotisoni. Tulimkalisha kwenye kiti apate hewa. Adrenalini ilikuwepo, ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo alikuwa nao mkubwa wetu ambaye alikwenda kula. Ulipofika, yule mama alikuwa ameshatutoka.

Alinieleza. Hilo ndilo lisiloniacha. Alikuwa na taarifa yote niliyoihitaji, isipokuwa neno moja, na neno hilo mtu fulani aliwahi kulijua siku alipoanguka mara ya kwanza, akaona si lazima kuliandika mahali atakapoliona mwingine.

Kwa hiyo nawaeleza wenzangu wa zahanati na vituo, kwa sauti. Adrenalini kwanza. Piriton inatuliza muwasho, haipandishi presha. Haidrokotisoni inachukua saa kadhaa kufanya kazi, na huyu ana dakika. Adrenalini ile ya ampuli ya mililita 1 yenye miligramu 1: mtu mzima mpe nusu yake, miligramu 0.5, kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Mtoto wa miaka 6 hadi 12, miligramu 0.3. Chini ya hapo, 0.15. Paja, si bega, wala chini ya ngozi. Baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu, rudia. Na isifungiwe kabatini. Ikae pale pale sindano zinapochomwa, na kila asubuhi mtu aitazame kama ipo na tarehe yake haijapita.

Mlazeni chali, miguu juu. Kama anahema kwa shida sana, mwinueni mgongo lakini miguu ibaki imenyooshwa. Mjamzito alale ubavu wa kushoto. Asisimame. Asitembee kwenda chooni hata akisema yuko sawa, maana damu iliyobaki inashuka miguuni na moyo unakuta hakuna cha kusukuma. Watu wamekufa kwa kuinuliwa tu. Wenye bodaboda mliokuja, msimbebe mtu huyu mshikaki, ameketishwa wima katikati ya wawili. Tafuteni gari, hata la mkaa, alale. Na akipata nafuu asirudishwe nyumbani saa ileile, kwa sababu mzio huu unaweza kurudi baada ya saa kadhaa bila hata kuguswa tena. Anayemeza propranololi au atenololi kwa ajili ya presha au moyo, mwelezeni daktari mapema, kwa kuwa adrenalini inaweza isimkubali vizuri.

Penye uwezo wa maabara, chukueni damu ya triptesi saa 1 hadi 2 baada ya tukio, na nyingine siku akiwa mzima, mlinganishe. Kipimo hicho hukikuti zahanati, najua. Ila kwenye rufaa, iandikeni saa aliyoanguka, ili aliye na maabara ajue la kufanya.

Kuandika nako kuna kosa lake. Namkumbuka binti aliyekuja kliniki na mimba, kadi yake imeandikwa kwa wino mwekundu "ALEJI YA PENISILINI". Alikutwa na kaswende, na kwa mjamzito mwenye kaswende dawa inayotegemewa kumlinda mtoto tumboni ni hiyo hiyo penisilini. Tukamwita mama yake. Mama, ilikuwaje? Akasema binti alitapika vidonge akiwa na miaka minne. Alitapika tu! Neno moja lisilo na maelezo lilikuwa limemfuata maisha yake yote. Nchi ambazo wamewapima watu wa namna hii, karibu 9 kati ya 10 wenye lebo ya penisilini wanaonekana wanaweza kuitumia. Huyu alipelekwa panapofaa, akachomwa chini ya uangalizi, akajifungua salama.

Kwa hiyo msiandike neno "aleji" peke yake. Andikeni jina la dawa, lile la kitaalamu lililo kwa herufi ndogo kwenye boksi. Ilimezwa au ilichomwa. Baada ya dakika ngapi au siku ngapi. Mwili ulifanya nini hasa. Alitibiwa kwa kitu gani.

Siku ngapi nimesema, kwa sababu kuna mzio mwingine wa dawa usio wa seli hizi. Wazee mnawakumbuka watu waliobabuka baada ya dawa za salfa za malaria. Huo huja baada ya siku au wiki: homa, macho mekundu, midomo yenye vidonda, ngozi inayotoka kama imemwagiwa maji ya moto. Septrin inaweza kuuleta, nevirapini ya VVU, dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini. Adrenalini si tiba yake. Dawa iachwe mara moja, mgonjwa akimbizwe hospitali, na dawa hiyo asiijaribu tena maishani, hata nusu kidonge. Ninyi wa vituo na maduka, matukio haya yote yanajazwa kwenye fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na ofisi yao ya kanda yetu iko Mbeya mjini. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia kwa jirani zetu Ruvuma mwaka 2003. Tusiache jirani atuzidi kwa kujaza fomu.

Mama mmoja amenidokeza mlangoni kwamba mtoto wake ana madoa yanayovimba akimsugua kwa dodoki. Mama, usilie. Kwa watoto ugonjwa huu mara nyingi unaishia kwenye ngozi, na wengi madoa hupungua au kuisha kabla hawajawa watu wazima. Weka dodoki pembeni, maji yawe vuguvugu, na Jumatatu tutakwenda wote kwa daktari.

Yule mrina asali yuko hai. Mizinga anafungua binti yake sasa, yeye anakaa mbali anatoa maelekezo, na anatembea na daftari la kurasa 32 ndani ya mfuko wa nailoni. Ukurasa wa kwanza ameandika kwa mkono wake: mastositosisi, nyuki, diklofenaki, tarehe zote mbili, na namba ya simu ya binti.

Nimekuja na madaftari mia na kalamu, yako kwenye meza ya mbele. Wale mlioshusha mikono, tuanze na ninyi. Kama hukumbuki jina la dawa, kaa na mtu wa duka hapo kushoto, mwambie ulikuwa unaumwa nini, mwaka gani, ulitibiwa wapi, atakusaidia kulitafuta.